Majivu juu ya Gari la Mzee Masolwa

Toka Tabora mpaka Ujiji, njia nzima ile waliyopita wapagazi na pembe mabegani, hajatokea dereva wa kumshinda Hilari Shilinde. Ujiji kwenyewe, tuseme haki, hakufika. Alifika Usoke, na kurudi lori lilivutwa na ng'ombe wanne, yeye kakaa kwenye usukani, kofia kichwani, akipiga honi kila penye kona ng'ombe wasije wakajisahau.

Basi dereva huyo, asubuhi ya Jumatano moja yenye matope, mwaka wa hamsini na tatu, alibisha mtaa wa Isevya kwa Sikuzani binti Yahaya, mjane wa fundi Omari. Alibisha polepole, kama mtu anayeomba mlango usisikie.

"Hodi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Amekufa nani?"

"Hajafa mtu, mama. Ila nipo njiani."

Sikuzani alikuwa barazani akichambua majani ya msasa, yale majani yenye ulimi wa paka ambayo mafundi hulainishia mbao. Alikuwa nayo kapu zima na hakuwa na mbao ya kulainisha. Zamani watu wa Tabora walisema kwamba nzi akitua juu ya kabati la fundi Omari huteleza akaanguka. Walichokuwa hawakijui ni kwamba Omari alipasua, akapiga randa na misumari, basi. Mng'aro ulikuwa wa mkewe, miaka kumi na tisa, nyuma ya mkeka uliofunika mlango wa banda. Omari alipofariki wateja walikuja kuzika, wakala ubwabwa, wakafuta mikono, na kuanzia kesho yake wakapeleka makabati yao kwa Mhindi wa karibu na soko. "Fundi amekufa," walisema. Sikuzani alikuwa amekaa palepale akiwasikia.

Akaweka kapu chini, akajifunga kanga vizuri, akamfuata Hilari nje.

Gari lililosimama pale kila mtu alilijua. Lilikuwa jeusi, la Mzee Kasimiri Masolwa, mnunuzi wa nta na asali, aliyelinunua kwa Mgiriki mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Kwa mbali lilikuwa zima. Sikuzani akainama mpaka jua likamjia kwa pembeni ya bamba la mbele, na hapo akaona: duara ndani ya duara, maelfu, nyembamba kama unywele, toka taa mpaka kioo, kana kwamba buibui wote wa Unyanyembe waliitwa kwenye msaragambo wa kufuma.

"Vumbi," akasema Hilari upesi. "Vumbi la njia ya Nzega."

"Vumbi. Mwezi huu?"

"Lile la Nzega halisikii mvua, mama. Lina chembe za dhahabu, ndiyo maana linakwaruza. Wanachimba kule."

"Na hiyo dhahabu ilizunguka yenyewe hivi, mviringo juu ya mviringo, kama mtu anayesugua tako la sufuria?"

"Kilikuwa kimbunga."

Sikuzani alipitisha kidole chini ya mkono wa mlango, mahali ambapo maji ya kuoshea hayafiki. Kidole kikarudi na kijivu. Akakinusa. Majivu, tena ya kuni nzuri. Uongo ni kama kiatu kipya. Mwache mwenyewe atembee nacho kidogo, utaona kinapombana.

"Mzee yuko wapi?"

"Dar es Salaam. Anarudi Jumamosi kwa gari moshi la asubuhi. Aliniambia, Hilari, gari hili asiliguse mtu ila wewe. Nikikuta alama, hata ya ukucha, huna kazi kwangu. Mama, mtu mweusi mwenye gari lake Tabora hii yuko nani mwingine? Nikitoka pale ninarudi kwenye ng'ombe."

"Gereji umekwenda?"

"Gereji nikienda, habari itamkuta mzee akiwa bado Dodoma."

Hilo lilikuwa kweli, na Sikuzani akalipokea kama kweli. Akalizunguka gari mara moja akiwaza jambo lingine. Lilikuwa jambo ambalo mji mzima ulilijua: binti wa Mzee Masolwa, Apolinaria, angeolewa baada ya Pasaka, na kitanda chake, kabati na meza ya kioo vilikuwa kwa seremala Mahona, vyeupe kama muhogo uliomenywa, vikingoja mzee aseme nani atavipaka vanishi. Kazi kama ile ingewekwa barazani siku ya harusi, watu wote waione. Baada ya hapo hakuna ambaye angesema fundi amekufa.

"Nitalifanya," akasema. "Na sitaki kitu chako. Nataka neno moja. Mzee akiuliza nani amelitia gari hili mng'aro, utasema: Sikuzani binti Yahaya, wa Isevya."

"Nitasema hata asipouliza! Nitapiga honi nikisema!"

"Bila honi."

Wakalisukuma gari bandani, mkeka ukateremshwa kuzuia vumbi. Sikuzani alitoa majani yote ya msasa akayapeleka nyuma ya nyumba kabisa, maana jani moja la namna ile likidondoka juu ya rangi ya gari, bora ungemwaga mchanga. Kisha akamwita Hilari.

"Ingia utazame, siku nyingine usihangaike."

"Mimi dereva, mama, si fundi. Mkono wa usukani ukizoea kitambaa unapoteza njia."

Akajinyoosha juu ya benchi la nje, kofia usoni, na kwa siku tatu zile hilo ndilo lililokuwa gereji yake.

Sikuzani alianza na maji, ndoo sita, akiyamwaga tu bila kugusa kitu, ili mchanga uliobaki uondoke kwa hiari yake. Ndipo akaleta sabuni iliyoyeyushwa na fulana kuukuu ya marehemu, akafuta toka mbele kwenda nyuma, mstari ulionyooka, kama anayemchana mtoto nywele. Bati la banda lilikuwa na tundu la msumari. Omari alitaka kuliziba kila mwaka na kila mwaka mkewe alimkataza, kwa sababu mwale uliopita pale, mnene kama kidole, haukuwa na adabu: ulionyesha kila kitu. Chini ya mwale ule, ule utando wa buibui ulisimama wote, kila uzi.

Hakuanza na dawa kali. Alitwanga chaki ya shule, akaichekecha mara tatu kwa kitambaa cha kilemba, akaichanganya na mafuta ya cherehani, akaijaribu mahali padogo nyuma ya gurudumu, ambapo hata Mzee Masolwa hangepiga magoti kupatazama. Akasugua, akafuta, akasogeza uso. Nyuzi zilipungua lakini zipo. Hapo ndipo akafungua kopo la pesti ya kahawia, ile wanayosugulia wapaka rangi wa gereji, aliyoipata miaka ya nyuma kwa kubadilishana na kigoda. Akachukua kidogo, kama punje ya mtama. Safari hii nyuzi zikaondoka.

Basi akaligawa gari kama anayegawa shamba la viazi. Kila kipande kilikuwa cha ukubwa wa sinia. Alisugua kwenda na kurudi, mkono mwepesi, kisha akapishanisha, kisha akamaliza kwa kufuata urefu wa gari. Kwenye kingo za milango, ambako rangi hukaa nyembamba, alitumia kidole kimoja na chaki peke yake. Kitambaa kikaanza kuwa cheusi.

Hilari aliingia kuomba maji ya kunywa, akaona kile kitambaa.

"Mama! Rangi inatoka!"

"Inatoka, ndiyo."

"Unalichuna gari la mzee!"

"Mkwaruzo ni shimo, mwanangu. Shimo haliokotwi likatupwa. Unashusha ardhi yote iliyolizunguka mpaka ilingane nalo. Ila ardhi yenyewe ni kama ukoko wa wali, ukikwangua kwa tamaa unakula chungu."

"Na wewe unakwangua kwa nini?"

"Kwa ombi lako. Kanywe maji ukalale."

Alhamisi mchana alikuja mwanamke mfupi, miguu imejaa tope, na kapu la matobolwa kichwani, vile viazi vitamu vinavyochemshwa vikakaushwa. Alijitaja kuwa Veneranda, mama yake Hilari, na kwamba alishuka gari moshi Jumatatu akitoka kijijini Usoke.

"Amelala, maskini," akasema, akimtazama mwanawe kwenye benchi. "Lile gari linamchosha. Nilipofika tu akanipakia, akanizungusha mji mzima mpaka Kwihara, nimekaa nyuma kama mke wa Bwana Shauri wa bomani. Tukarudi tope limefika madirishani. Nikawaza, mtoto huyu ataamkaje kesho aanze kuosha chombo kikubwa namna hii? Nikaamka kabla ya jogoo."

"Ukaosha wewe."

"Nani mwingine? Kwa majivu, dada, tena nimeyachekecha, si majivu hivi hivi. Na kipande cha kaniki. Nikalizungusha, nikalizungusha, mpaka nikajiona uso."

"Naye alisemaje alipoamka?"

"Akasema ahsante mama. Machozi yakamlenga. Ni mtoto mwenye shukrani, yule."

Sikuzani aliitazama mikono ya yule mama. Ilikuwa imepasuka kwenye vifundo, na kijivu kilikuwa bado kwenye kucha.

"Ulisugua vizuri, dada," akasema. "Hukuacha mahali."

Hilo nalo lilikuwa kweli tupu, na Veneranda akafurahi, akamwachia nusu ya matobolwa. Alipoondoka Sikuzani alirudi nyuma ya mkeka akaendelea na mlango wa kushoto. Mtu unawezaje kumwambia mama yako aliyeamka gizani kukuondolea kazi kwamba amekufukuzisha kazi? Hilari hakuweza. Sikuzani alikubali kwamba hata yeye hangeweza, halafu akakumbuka kile kimbunga cha dhahabu, akacheka peke yake mpaka ikambidi aweke kitambaa chini, asije akakwaruza.

Ijumaa ilikuwa siku ya nta. Ilikuwa nta ya nyuki ya palepale Tabora, ya ghala la Mzee Masolwa mwenyewe, maana nyingine nzuri hakuna. Akaikata vipande ndani ya kopo, na kopo akalisimamisha katika sufuria ya maji ya moto, nta isiguswe na ndimi za moto. Wakati huo Hilari alikuwa ameamka kwa joto. Akafunua mkeka, akaona nta, akaona maji yanatoa mvuke, akasema, "Kumbe ni hivyo tu!" akarudi zake kwenye benchi. Angengoja kidogo angeona Sikuzani akilibeba kopo mpaka uani, mbali na jiko, na kumimina tapentini toka kwenye chupa, maana tapentini na moto ni wake wenza, hawakai chumba kimoja. Hakungoja.

Nta ilipopoa ikawa laini kama samli. Akaipaka nyembamba, akaiacha mpaka ukipitisha kidole kinaacha njia safi, akaifuta kwa kipande cha blanketi. Akarudia. Alasiri alilisukuma gari kidogo kidogo chini ya tundu la bati, kipande baada ya kipande. Kila mahali mwale ulianguka ukawa doa moja jeupe, limetulia kama yai, wala hapakuwa na uzi pembeni yake. Weusi ulikuwa na kina. Ungeweza kuogopa kuegemea, usije ukatumbukia.

"Nimeokoka!" akasema Hilari, akijitazama meno kwenye mlango. "Mama, nimeokoka!"

"Kesho. Neno moja."

"Sikuzani binti Yahaya wa Isevya. Ninaliota."

Jumamosi Sikuzani alivaa buibui lake la sikukuu akaenda ghalani kwa Mzee Masolwa kununua nta ratili moja. Nta aliyokuwa nayo ingemtosha mpaka Rajabu, lakini mtu hakatazwi kununua. Alifika mzee ndiyo kwanza ametoka stesheni; masanduku yako chini, naye anazunguka gari, kofia mkononi, mara ya pili sasa. Sikuzani akasimama kwenye kivuli cha lango.

"Hilari."

"Naam, mzee."

"Gari hili halikuwa hivi hata siku niliyolinunua. Nani amefanya kazi hii?"

Toka pale langoni Sikuzani alimwona Hilari akifungua mdomo na jina likiwa tayari kwenye ulimi. Kisha akaona swali la pili likimpita usoni, yaani gari lilipelekwa kwa fundi kwa sababu gani, na nyuma ya swali la pili akamwona Veneranda amesimama na chekeche lake.

"Mimi, mzee," akasema Hilari. "Mkono wangu huu."

"Peke yako?"

"Peke yangu. Siku tatu. Sikulala."

Sikuzani alikuwa amejiandaa kwa hilo la jina. Hilo la kutolala ndilo lililomuuma.

Mzee Masolwa alimpiga dereva wake begani. "Nimefuga fundi nyumbani bila kujua! Basi vile vyombo vya Apolinaria haviendi kwa Mhindi. Kitanda, kabati, meza, vyote utavipaka wewe. Jumatatu unaanza."

"Jumatatu, mzee?"

"Hodi," akasema Sikuzani.

Akakaribishwa. Wakaulizana habari za safari, za nyumbani, za mvua, bila haraka, kama inavyotakiwa. Hilari alisalimia akitazama gurudumu.

"Nimefuata nta, mzee, ratili moja. Lakini hapo langoni nimesikia kuna fundi. Na mimi mjane wa fundi, nina vyombo vyangu vimechujuka. Mwanangu Hilari, nifundishe mama yako, usininyime. Hii nta ni ngumu kama ukwato. Unailainishaje mpaka ikakubali kupakwa nyembamba hivi?"

Hilari alimtazama kwa macho ya kuomba. Sikuzani naye akamtazama kwa macho ya mwanafunzi.

"Ah, mama. Ni siri ya kazi."

"Siri gani?" akasema Mzee Masolwa, ambaye furaha ilikuwa imemjaa. "Nta ni yangu, gari ni langu. Mwambie mama wa watu."

"Basi unachukua nta," akasema Hilari. "Unachemsha maji. Unaitia humo."

"Humo ndani ya maji?" akauliza Sikuzani.

"Humo humo. Unakoroga. Inayeyuka, inachanganyika na maji, inakuwa kama uji. Ndipo unapaka."

Mzee Masolwa aliacha kucheka, si kwa hasira, ila kama mtu aliyesikia kitu kimeanguka chumba cha pili.

"Inachanganyika?"

"Kabisa, mzee. Kama maziwa na chai."

"Hilari. Kila nta iliyoko ghalani humu imechemshwa ndani ya maji. Ndivyo warina asali wanavyoisafisha. Takataka inabaki chini, nta inaelea juu, ikipoa unaiokota nzima kama sahani. Ni miaka ishirini na saba ninanunua nta, sijaona tone moja lililokubali maji. Hili lako lilikubalije?"

Kuku walikuwa wakipita uani, na Hilari akawatazama wote mpaka wa mwisho.

"Labda ni maji yenyewe, mzee," akasema. "Haya ya hapa ni magumu. Maji ya Isevya ni laini sana."

"Isevya," akasema Mzee Masolwa.

Akalitazama gari. Akamtazama dereva wake. Kisha akatazama mikono ya mwanamke aliyekuja kununua ratili moja ya nta; vidole vyake vilikuwa vimeingia weusi mpaka kwenye kifundo cha pili.

"Mama," akauliza kwa adabu, "samahani. Unakaa wapi?"

"Isevya, mzee."

Hilari akaanza kueleza kwamba Isevya ziko mbili.